Dozi moja ya kolera: tuambiwe na ile nusu

Kila mara robine zikikauka Uvira, tunashuka ziwani na mabido. Kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu ni vile vile, na waganga wetu wanajua kitakachofuata. Watafiti waliohesabu wagonjwa wa mji huu kati ya 2009 na 2014 waliona kwamba siku moja tu bila maji ya bomba inatosha: katika siku 12 zinazofuata, wanaoingia hospitali kwa kolera wanazidi mara mbili. Wakubwa wa afya duniani wanajifunza mengi kutoka kwetu. Swali letu leo ni hili: siye tunarudishiwa nini?

Waganga wakiwa bado hawana hakika kamili juu ya ugonjwa, hawawezi kungoja miaka kumi na wagonjwa wako kitandani. Wanakaa pamoja, wanapima kinachojulikana, wanabishana, kiisha wanaandika mapatano yao: kwa sasa fanyeni hivi. Hiyo ni kazi ya maana, hatuidharau hata kidogo. Lakini mapatano mazuri hayasemi tu cha kufanya. Yanasema pia wapi wataalamu wako na hakika, na wapi wanakisia. Kipande hicho ndicho kinaangukaka njiani.

Tuchukue chanjo. Mwaka 2020, mwaka wa yale mafuriko ya Aprili, Uvira ilipewa chanjo ya kunywa kwa awamu mbili. Wengi walikunywa ya kwanza, ya pili ikawapita. Kiisha Oktoba 2022, chanjo ikiwa imepungua dunia nzima, kikundi cha kimataifa kinachogawa akiba kiliamua kwamba penye mlipuko watu wapewe dozi moja badala ya mbili. Hatuna ugomvi na uamuzi ule. Bugali kidogo na watoto wanane, mama anamega.

Lakini dozi moja inalinda kiasi gani? Jibu moja kubwa lilitoka hapa kwetu. Dk. Espoir Bwenge Malembaka, mtoto wa Université Catholique de Bukavu, na wenzake walilinganisha wagonjwa wa kolera wa Uvira na majirani zao ambao hawakuugua. Matokeo yalitoka 2024 katika jarida la Lancet Infectious Diseases. Mwaka mmoja na zaidi baada ya chanjo, dozi moja ilikuwa inapunguza hatari kwa zaidi kidogo ya nusu. Hata mwaka wa tatu, kinga ilikuwa bado karibu na nusu. Kwa dozi moja, hiyo ni habari njema sana. Ila nusu ni nusu. Na watoto wa chini ya miaka 5, chanjo hii inawalinda kidogo kuliko wakubwa. Waganga wanalijua hilo tangu zamani.

Sasa ingia kwa kartie, uliza juu ya kuchemsha maji. Wako wengi watakaokujibu: siye tulishakunywa dawa ya kolera. Basi, imeisha. Si ujinga wao. Hakuna aliyewaambia ile nusu. Karatasi iliandikwa Kiingereza, ikageuzwa Kifaransa, ikashuka mpaka kwa anfirmie, na ilipofika kwa mwenye megafoni barabarani, lilibaki neno moja tu: mchanjwe.

Kuna wanaosema watu wakisikia shaka watakataa chanjo. Hatukubali. Mvuvi wa ndagala anatoka usiku bila hakika ya kupata kitu, na bado anatoka. Kinacholeta ukatazi ni kingine: mtoto aliyechanjwa anaanguka na kolera, mama anasema walinidanganya, na mwaka unaofuata anafunga mlango.

Tunaomba basi kwamba kila mapatano yanayofika zone ya afya yatoke na karatasi moja ya Kiswahili, kile chetu cha kila siku, kisichohitaji kamusi. Iseme tufanye nini, wataalamu wako na hakika kiasi gani, na nini bado hawajui. Kule Sange na Kiliba isomwe kwa Kifuliiru, watu wasikie. Na kabla karatasi haijatiwa sahihi, anfirmie wa vituo vyetu wakae ndani ya mkutano, si nyuma karibu na mlango. Wao ndio wanatia serumu saa nane za usiku kwa taa ya simu. Watauliza swali ambalo profesa hataliuliza: na serumu ikiisha, tunafanya nini?

Tukingoja hayo, mama, mtoto wako aliyechanjwa umchemshie maji bado. Akianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, usingoje asubuhi. Anza kumnywesha SRO pale pale nyumbani, na umnyweshe njia nzima mpaka hospitali.