Maumivu, Moto na Umeme
Kuukanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto ni ada ya kale majumbani mwetu. Na leo maduka ya dawa yauza mashine ndogo za umeme, zenye vibandiko vya kugandishwa ngozini, ambazo, kwa mujibu wa nadharia ya wanasayansi Melzack na Wall ya mwaka 1965, huizuia habari ya maumivu katika uti wa mgongo kabla haijawasili ubongoni. Nafuu hiyo hatuikanushi, ijapokuwa si kila mtu huipata. Lakini twawasihi wauzaji wamwulize kila mnunuzi kama amewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kwani huyo asizitumie mashine hizi pasi na idhini ya tabibu. Moto nao wataka hadhari: mwenye kisukari, ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, huunguzwa na chupa ya maji ya moto naye hana habari, hata alfajiri aone lengelenge limefura kisiginoni.