Nyaya Tano, Mlango Mmoja

Nimezihesabu. Kwenye nguzo ya stima iliyo mbele ya dirisha langu, hapa Roysambu, kuna nyaya tano za faiba. Nne zimekazwa vizuri. Ya tano imekatika na inaning'inia, na hakuna anayejua ni ya nani. Kila moja ililetwa na gari lake, ngazi yake na mafundi wake, na kila mara barabara yetu ilifungwa nusu siku.

Hizo ni nyaya za nje. Ndani ya nyumba yangu, ghorofa ya tatu, unaingia waya mmoja tu.

Huo mmoja ulikufa Jumatatu, siku tatu kabla ya kutetea pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili. Msimamizi wangu alikuwa nje ya nchi, kwa hiyo kikao kilipangwa kufanyika kwa video. Ruta iliwaka taa nyekundu. Nilipiga simu, nikaambiwa tatizo linashughulikiwa. Jumanne nikaambiwa vivyo hivyo. Ndipo nikapigia kampuni nyingine, ambayo waya wake ningeweza kuugusa kwa mpini wa ufagio nikisimama dirishani. Dada wa huduma aliandika anwani yangu, akanisubirisha, akarudi: "Samahani, jengo lako halimo kwenye orodha yetu."

Nikashuka kwa keateka. "Dada, hapa ni kampuni moja tu," akasema. "Mwenye nyumba alielewana nao."

Alhamisi nilijitetea kwa bando za simu, nimeketi kwenye ngazi za ghorofa ya juu ambako mtandao hushika kidogo. Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu sampuli yangu. Swali lilinifikia vipande vipande. Nikajibu swali ambalo hakuuliza. Niliambiwa nirudi mwezi ujao nikiwa nimejiandaa vyema.

Rafiki zangu walinipa pole, kisha wakanipa ushauri: ungelinganisha kampuni kabla ya kulipia. Ushauri huu uko kila mahali. Linganisha kasi, linganisha bei, uliza gharama ya kufungiwa. Nimechoka nao. Kulinganisha ni kazi ya mtu mwenye uwezo wa kuchagua. Mimi nina jedwali zuri la kampuni tano na bei zake, na nne kati ya hizo haziwezi kuvuka kizingiti cha lango letu. Tunaambiwa Kenya ina ushindani mkubwa wa intaneti ya nyumbani. Ushindani huo upo kwenye nguzo, lakini mlangoni kuna ukiritimba.

Chanzo chake ni mazoea ambayo tumeyakubali bila kuyahoji: mwenye waya ndiye mwenye mteja. Lakini waya na huduma ni vitu viwili. Mama mboga anayeniuzia sukuma wiki hana shamba. Anaamka alfajiri, ananunua kwa jumla Marikiti, anakuja kuuza rejareja hapa langoni. Pembeni yake yuko mwingine aliyenunua soko lile lile. Wanashindana kwa bei, kwa usafi, na kwa namna wanavyokukatia mboga. Hakuna aliyewahi kuwaambia kila mmoja alime shamba lake kwanza.

Laini za intaneti zinaweza kuuzwa hivyo hivyo, na kuna nchi zinazofanya hivyo. Uingereza, nyaya za simu za shaba zilikuwa za British Telecom. Waya mmoja wa shaba una nafasi ya mambo mawili: sauti ya simu hupita kwenye masafa ya chini, intaneti kwenye masafa ya juu. Kwa hiyo iliwezekana kampuni moja ikupe simu na nyingine ikupe intaneti, juu ya waya ule ule. Iliwezekana pia kampuni ngeni kuweka mitambo yake ndani ya kituo cha simu na kukodi waya wote unaofika kwako. Mwaka 2006, baada ya shinikizo la mdhibiti, Ofcom, kazi ya kutunza nyaya ilitengwa katika kitengo kinachoitwa Openreach, ambacho kinatakiwa kuwauzia wote kwa jumla bila kupendelea kampuni mama. Sky na TalkTalk zilipata mamilioni ya wateja kwa njia hiyo.

Faiba nayo hugawanywa, ila kwa namna nyingine: mwenye laini husafirisha data kutoka nyumbani kwako hadi mahali pa makabidhiano, na hapo kampuni uliyoichagua huipokea. Afrika Kusini wanafanya hivyo. Vumatel, iliyoanzia mtaa wa Parkhurst, Johannesburg, mwaka 2014, inavuta faiba, kisha kampuni nyingi zinauza intaneti juu yake. Ukichukizwa na moja, unahamia nyingine, na hakuna anayepanda ngazi.

Najua jibu la wenye nyaya: sisi ndio tuliotoa mtaji, kwa nini wengine wale jasho letu? Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Lakini hakuna aliyesema wagawane bure. Kuuza kwa jumla ni kuuza. Mwenye waya analipwa kila mwezi, hata kwa mteja ambaye hakumtafuta yeye. Watasema pia kwamba Uingereza ilichelewa kufikisha faiba majumbani kuliko Uhispania. Ni kweli. Lakini hata Uhispania, Telefónica ililazimishwa kuwafungulia washindani mifereji yake ya chini ya ardhi. Huko waligawana mfereji, kwingine waligawana waya. Marekani ndiyo iliyowasikiliza wenye nyaya: mwaka 2003 tume ya mawasiliano, FCC, iliamua kuondoa hatua kwa hatua sharti la kugawana laini za shaba. Hadi leo familia nyingi huko zina kampuni moja au mbili tu za intaneti ya waya.

Wala kugawana hakuponyi kila kitu. Waya mmoja ukikatwa na tingatinga, wote waliopanga juu yake wanazimika pamoja. Lakini hitilafu nyingi hazitoki kwenye tingatinga. Zinatoka kwa mtu anayejua kwamba huna pa kwenda.

Na tusiseme haiwezekani hapa kwetu. Hadi 2014, wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia kampuni shindani. Hoja ilikuwa ile ile: mtandao huu wa mawakala tuliujenga sisi. Mwaka huo kizuizi kiliondolewa, na M-Pesa haikufa. Nguzo za stima zenyewe zinakodishwa kwa kampuni zaidi ya moja. Ndiyo maana nimehesabu nyaya tano juu ya nguzo moja. Kugawana tunakujua. Tunakuachia mita nne kabla ya mlango.

Ninachodai ni mambo mawili. Kwanza, mkataba unaompa mwenye nyumba au kampuni haki ya kufungia wapangaji upigwe marufuku. Mimi ndiye ninayelipa kodi na intaneti, na sikuulizwa. Pili, yeyote mwenye faiba ndani ya jengo alazimike kuiuza kwa jumla, kwa bei inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kampuni yoyote yenye leseni.

Wiki iliyopita gari lingine lilifika na ngazi. Waya wa sita. Nilishuka, nikamuuliza fundi kama wataingia kwetu. Akalitazama jengo, ghorofa baada ya ghorofa, kisha akatazama karatasi yake.

"Hapana dada," akasema. "Hapa sisi tunapita tu."