Kigari cha Mtoto: Kiwe Chepesi kwa Mkono wa Nani?

Vigari vya watoto vyaonekana kwa wingi katika maduka ya Kampala, na vingine katika masoko ya mitumba, vimepangwa kando ya baiskeli na vitanda vya watoto. Muuzaji hukisukuma kimoja kwa kidole juu ya sakafu laini, nacho huteleza kama mashua juu ya maji matulivu. Mnunuzi hufurahi, hulipa, hurudi nyumbani. Kesho yake mama hukitoa kigari mlangoni, na kabla hajafika barabara kuu amekwisha kukutana na ngazi, mtaro, kokoto na mpando.

Kampala ni mji wa vilima, na njia ya waendao kwa miguu hukatika ghafula mbele ya kibanda, pikipiki iliyoegeshwa au shimo. Hapo kigari hakisukumwi tena, bali hubebwa. Mtoto wa mwaka mmoja aghalabu ana kilo 9 au 10. Akiketi ndani ya kigari cha kilo 14, mama hunyanyua kilo 24 kila avukapo mtaro. Akiketi ndani ya kigari cha kilo 6, hunyanyua kilo 16. Tofauti hiyo ya kilo 8 ni sawa na lita 8 za maji, na mtu aliyepata kuteka maji hana haja ya kuelezwa zaidi.

Katika nyumba za askari jambo hili lina uzito wa pekee. Baba huenda lindo la usiku, huhamishwa wilaya ya mbali, huitwa kazini bila taarifa ndefu. Tangu mwaka 2007 askari wengi wa Uganda wamepelekwa Somalia, na wake zao wamebaki na watoto wachanga kwa miezi mingi. Baba akiwapo nyumbani, hata kigari kizito huonekana chepesi, kwa kuwa hukibeba yeye. Lakini wepesi wa kigari wapaswa kupimwa kwa siku ile ambayo hayupo: mama peke yake, mtoto kwenye mkono mmoja, mkoba begani, na mvua yaanza kunyesha. Kwa sababu hiyo baba anayetaka kununua kigari kiwe zawadi ya kurudi nyumbani afadhali aiharibu ile furaha ya kushtukiza na kumchukua mama dukani. Mkono utakaokibeba ndio uchague.

Huko dukani jaribio ni rahisi. Mama ampakate mtoto kwa mkono wa kushoto, akikunje kigari kwa mkono wa kulia, akinyanyue, atembee hatua ishirini na kupanda ngazi chache. Akilazimika kumweka mtoto chini ili apate mkono wa pili, kigari hicho hakimfai, hata kikiwa na rangi ya kupendeza namna gani. Kisha akifungue tena. Viko vigari vinavyokunjika upesi kama mwavuli lakini vikigoma kufunguka kama kufuli lenye kutu.

Mfano huo wa mwavuli una historia ambayo wasomaji wa jeshi wataipenda. Kigari chepesi chenye kukunjika kilibuniwa Uingereza mwaka 1965 na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyepata kushughulikia miguu ya kutulia ya ndege ya kivita Spitfire. Yasimuliwa kwamba alimwona binti yake akihangaika na gari zito la mtoto. Mzee huyo alijua tangu zamani jinsi ya kufanya chuma kibebe mzigo, kisha kijikunje na kuingia mahali padogo, maana miguu ya ndege ndiyo kazi yake. Akatumia mabomba ya alumini, akapata kigari kisichofika kilo 3. Vigari vyepesi vingi vya leo, pamoja na vile vinavyoonekana Kampala, vimefuata wazo lake.

Hata hivyo, wepesi una gharama yake. Mara nyingi uzito hupunguzwa kwa kufanya magurudumu yawe madogo na magumu. Kwenye lami na vigae hayana neno. Kwenye udongo mwekundu wenye kokoto hukwama, kigari husimama ghafula, na mtoto huinamia mbele. Familia inayokaa mahali pa namna hiyo itafute magurudumu makubwa kidogo na mapana, yale ya mbele yawe na kifungo cha kuyazuia yasizunguke, hata kama kigari kitaongezeka kilo moja au mbili. Kilo hizo hazikupotea bure. Magurudumu ya kujazwa upepo ni laini zaidi, na fundi wa baiskeli aweza kuziba pancha, ila hayapatikani sana kwenye vigari vidogo. Pia upana upimwe kwa kamba kabla ya kwenda dukani: kigari kisichopita mlango wa nyumba kitalala nje, na kilalacho nje hupata mwenye kukihitaji zaidi.

Katika mji wa vilima, breki haiwezi kuwa jambo la kuulizwa mwisho. Mnunuzi aweke kiroba cha kilo 10 cha unga wa posho juu ya kiti, akielekeze kigari kwenye mteremko, akanyage breki, aachie mpini huku mkono ukiwa karibu. Kikisogea hata kidogo, mazungumzo ya bei yameisha. Mikanda iwe mitano: miwili ya mabega, miwili ya kiuno na mmoja wa kati ya miguu, mkanda wa kiuno pekee humwacha mtoto ateleze chini au asimame. Na mizigo isitundikwe kwenye mpini. Kigari kilichopunguzwa uzito hupinduka kwa urahisi, na mara nyingi hupinduka wakati mtoto anapotolewa na mfuko wa sukari ukabaki umening'inia nyuma.

Bawaba nazo zina hatari yake. Mwaka 2009 vigari vipatavyo milioni moja viliitwa kurekebishwa huko Marekani baada ya watoto kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba wakati vigari vikifunguliwa. Mtoto awekwe mbali kabisa wakati wa kukunja na kukunjua, na kabla ya kuketishwa, mama ahakikishe kwamba kufuli zote zimeshika.

Kwa mtoto asiyeweza kuketi mwenyewe, yaani wa chini ya miezi sita hivi, kigari cha kuketi wima hakifai. Kichwa chake ni kizito na shingo haijakaza. Kidevu kikiangukia kifua, pumzi huzibwa, naye hawezi kulia. Ni lazima kiti kilale sawasawa, au mtoto asubiri na mbeleko iendelee na kazi yake. Tena wako akina mama wanaofunika kigari kwa kitambaa ili kuzuia jua. Nia ni njema, lakini hewa ndani hupata joto haraka, na mama hamwoni mtoto. Kivuli cha kigari chenyewe, kofia nyepesi na njia ya upande wa kivuli vyatosha.

Wengi watanunua mitumba, na si vibaya. Kigari kigeuzwe juu chini, viungo vitazamwe kama vina nyufa, mabomba kama yamepinda, na kila tundu liwe na skrubu yake. Vilivyotoka Ulaya aghalabu vina lebo yenye kiwango EN 1888 pamoja na uzito wa juu wa mtoto. Lebo ikiwapo isomwe, kwani vipo vya kilo 15 na vipo vya kilo 22. Kikunjwe na kufunguliwa mara kumi mbele ya muuzaji, hata akikunja uso.

Katika teksi kigari kilichokunjwa vizuri hukaa chini ya kiti au kati ya miguu, na kondakta hapati sababu ya kudai nauli ya mzigo. Bodaboda si mahali pake: mama mwenye mtoto mgongoni na kigari mkononi juu ya pikipiki hana mkono wa kujishikia. Na siku ya kwenda Kikuubo au Owino, kwenye msongamano na matope, kigari kibaki nyumbani. Hapo mbeleko haijapata mshindani.

Kikirudi kutoka njia ya tope, magurudumu yaoshwe siku ileile kabla udongo haujakauka kwenye ekseli, kisha yatiwe tone la mafuta ya cherehani. Mikanda huoshwa kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini.