Mafuta ya Nazi Kichwani, na Karafuu kwa Kiasi

Wanachama wengi wakiisha kuuza karafuu zao hupita dukani kuwanunulia watu wa nyumbani kopo la mafuta ya nywele, lenye rangi nzuri na harufu ya kupendeza. Hatuna neno na mtu kutumia fedha yake apendavyo. Lakini twaona ajabu mwenye minazi kumi nyuma ya nyumba kununua mafuta ya mgando yatokanayo na petroli, hali nazi zake zinaota chini ya mti.

Mafuta hayatii maji katika nywele; kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasitoke upesi. Ndiyo maana mama zetu hulowesha nywele kwanza, wakazifuta kidogo, kisha ndipo wakapaka. Anayepaka nywele zilizokauka kabisa atapata mng'aro, na kitana kitazikata vile vile.

Sifa ya nazi si maneno ya wazee tu. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa India, Rele na Mohile, walitangaza matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea nywele zinapooshwa, kwa kuwa huingia ndani ya unywele. Ni haki kusema kwamba wataalamu hao walikuwa watumishi wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Lakini waliyoyapima yapatana na tuyaonayo majumbani mwetu.

Mapishi yake kila nyumba yayajua: kukuna, kukamua tui zito, kuchemsha kwa moto mdogo. Kosa huwa mwishoni. Mtu huona mafuta yamepanda akaepua, kumbe maji bado yamo, na baada ya siku chache chupa nzima imechacha. Hana budi kungoja mpaka kutokota kuishe na masimbi yageuke rangi ya kahawia, ndipo achuje. Yakiganda wakati wa kipupwe hayakuharibika. Huyeyuka yakipata joto la nyuzi 25 hivi.

Sasa karafuu yetu. Siku hizi husemwa kwamba mafuta yake hukuza nywele, na wengine katika sisi hupenda kusikia hivyo kwa kuwa ndiyo mali yetu. Uthibitisho wa kutosha haupo, na hatutaki karafuu isifiwe kwa uongo, hata ukituletea wanunuzi. Mafuta ya makonyo, kama yale ya kiwanda cha Wawi, Chake Chake, sehemu yake kubwa ni eujenoli, kitu kile kile kinachotia ganzi jino linalouma. Yakipakwa matupu huunguza ngozi. Atakaye harufu yake atie tone moja tu katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ajaribu kwanza ndani ya mkono, angoje siku nzima. Watoto wadogo wasitiwe kabisa. Kwao asumini yatosha.

Zamani mbata zilikuwa bidhaa ya pili ya visiwa hivi baada ya karafuu. Leo minazi mikuukuu hupasuliwa mbao, na wanaopanda mingine ni wachache. Twaomba kila mwanachama, akitayarisha miche ya mikarafuu kabla ya masika, aweke na nazi chache za mbegu kitaluni.