MAARIFA YA NYUMBANI: Nyumba Isingoje Likizo ya Baba

Mwezi Machi, mwaka 2007, wanajeshi wa Uganda walianza kwenda Somalia kulinda amani, na tangu hapo nyumba nyingi za askari zimezoea kukaa miezi mingi bila baba. Askari polisi naye aweza kupewa uhamisho wa ghafla kwenda Karamoja, hali watoto wake wanabaki shuleni Kampala au Jinja. Na siku hizi si baba peke yake. Zipo nyumba ambazo mama ndiye avaaye magwanda, na baba ndiye abakiye na watoto.

Lakini nyumba haijui zamu wala uhamisho. Bomba huanza kudondoka siku lipendayo. Bati hutoboka, na mvua haiulizi mwenye nyumba yuko wapi. Pikipiki iliyoachwa uani, ambayo ndiyo miguu ya familia, hukataa kuwaka asubuhi ya kumpeleka mtoto hospitali. Mazoea ya wengi ni kungojea: "Baba akija likizo atatengeneza." Basi baba huja, akitamani kukaa na wanawe, akakuta orodha ndefu ya mambo yaliyoharibika, na fedha aliyoiweka kwa ajili ya karo ikaishia mikononi mwa mafundi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapo ukuta hujengwa kwa mshahara wa mtu aliyeupata kwa jasho, na pengine kwa kuhatarisha maisha yake.

Juma hili ukurasa huu unaeleza kazi tatu ambazo mtu yeyote mzima aliyebaki nyumbani aweza kuzifanya, na kijana wa sekondari akamsaidia. Vyombo vyake si vingi: bisibisi mbili, moja ya bapa na moja ya nyota, spana mbili za kukaza na kulegeza, koleo, nyundo, brashi ya waya, kipande cha msasa, na kitambaa safi. Vyombo hivyo vikinunuliwa kidogo kidogo hudumu miaka mingi, na sanduku moja la mbao hutosha kuvihifadhi.

Jambo moja litangulie. Nyumba ya kambini ni mali ya serikali. Anayekaa humo ampe habari msimamizi wa makazi kabla ya kugusa chochote, na asikate bomba, asitoboe ukuta, wala asiongeze waya. Kubadilisha kipande cha mpira ndani ya bomba ni kutunza mali ya umma. Kubomoa ni jambo jingine.

BOMBA LINALODONDOKA

Tone moja la maji ni dogo, na kwa sababu hiyo watu hulidharau. Mwenye kutaka kujua ukweli na aweke kikombe chini ya bomba kwa saa moja, kisha apime. Ikiwa saa moja imetoa nusu lita, basi siku moja yenye saa 24 imetoa lita 12, na mwezi wa siku 30 umetoa lita 360. Hayo ni madebe 18 ya lita 20. Hakuna mama ambaye angekubali kununua madebe 18 ya maji na kuyamwaga mtaroni, lakini bomba hufanya hivyo usiku na mchana bila kelele. Bandu bandu huisha gogo.

Ndani ya bomba la kawaida la kuzungusha mna kipande kidogo cha mpira cha mviringo, ambacho mafundi hukiita washa. Bomba likifungwa, washa hukandamizwa juu ya kiti chake cha shaba na kuziba njia ya maji. Mpira ukiisha kulika, maji hupenya. Wengi hudhani dawa ni kukaza kwa nguvu zaidi. Hilo ni kosa, kwa maana nguvu hizo hukwaruza kiti cha shaba, na shaba ikikwaruzika hata washa mpya hausaidii sana.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza ifungwe koki kuu iletayo maji nyumbani, kisha bomba lifunguliwe mpaka maji yaliyobaki yaishe. Tundu la sinki lizibwe kwa kitambaa, ili skrubu isipotelee humo. Spana moja ishike mwili wa bomba usizunguke, na spana ya pili ilegeze nati kubwa ya juu kwa kuipeleka kushoto. Asiyeshika mwili wa bomba huweza kuzungusha mpaka mrija ulio ndani ya ukuta, na hapo kazi ndogo imekuwa kubwa.

Sehemu ya juu ikitoka, washa utaonekana chini yake, pengine umeshikwa na nati ndogo. Utolewe, upelekwe dukani kama ulivyo, ununuliwe mwingine wa ukubwa ule ule. Mabomba mengi ya nyumbani ni ya nusu inchi, ila ni heri kupima kuliko kukisia. Kabla ya kuurudisha, kiti cha shaba kipanguswe na kuguswa kwa ncha ya kidole. Kikiwa laini, vyema. Kikiwa na mikwaruzo mirefu, hapo aitwe fundi mwenye chombo cha kukisawazisha. Ikiwa duka liko mbali, kipande kilichokatwa kutoka kandambili kuukuu chaweza kuzuia maji kwa siku chache, mpaka washa halisi upatikane.

Maji yakitokea juu, penye mpini, washa hauna lawama. Nati ndogo iliyozunguka mpini ikazwe kidogo tu, robo ya mzunguko, na mara nyingi mvujo hukoma.

BATI LILILOTOBOKA

Kusini mwa Uganda mvua huja mara mbili kwa mwaka, takriban Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kaskazini huja msimu mmoja mrefu kuanzia Aprili hivi. Mwenye busara hukagua paa lake kabla ya miezi hiyo, wakati wa ukavu. Si lazima kupanda. Mtu mmoja asimame ndani mchana, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, atazame juu. Kila penye tundu patang'aa kama nyota, naye apatie alama kwa chaki au kwa kupima hatua kutoka ukutani.

Matundu mengi hutokea penye misumari. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lake, kwa kuwa maji hupita bondeni. Msumari uliopigwa bondeni ni mlango wa maji hata ukikazwa namna gani. Tena msumari mzuri una kofia na kipande cha mpira chini yake. Mpira ukikauka na kupasuka kwa jua, maji huingia. Msumari wa namna hiyo ung'olewe taratibu, kipande cha ubao kikiwekwa chini ya nyundo bati lisibonyee, kisha upigwe mpya ulio mnene kidogo kuliko wa kwanza.

Tundu dogo lisilo la msumari huzibwa kwa lami ya paa. Pahali pale pasuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu iondoke, papanguswe, pakauke kabisa. Ipakwe lami, ilazwe juu yake kitambaa kigumu kipitacho ukingo wa tundu kwa vidole vitatu kila upande, kisha ipakwe lami tena juu ya kitambaa. Lami iliyopakwa juu ya vumbi au unyevu hubanduka mvua ya kwanza. Tundu likizidi upana wa kiganja, kiraka cha lami hakifai; bati hilo limechoka, na heri kubadilisha bati moja leo kuliko dari, godoro na vitabu vya watoto kesho.

Apandaye akanyage penye mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake pana mti wa kubeba uzito. Ngazi ishikwe na mtu wa pili. Paa likiwa na umande, au waya wa umeme ukipita karibu, asipande mtu. Kuvunjika mguu ni ghali kuliko paa zima.

PIKIPIKI INAYOKUNYWA PETROLI

Barabara za udongo mwekundu hutimua vumbi, na injini huvuta pumzi kama mwanadamu. Chujio la hewa ndilo pua yake. Katika pikipiki zenye kabureta, chujio likizibwa na vumbi, hewa hupungua na petroli huwa nyingi kupita kiasi. Moshi huwa mweusi, nguvu hupungua, na tangi hukauka mapema. Mwenye pikipiki hudhani injini imekufa, akaipeleka gereji, kumbe pua tu imeziba.

Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hutiwa mafuta machache ya injini na kukamuliwa tena. Chujio la karatasi halioshwi kamwe. Hugongwagongwa polepole vumbi litoke, nalo likiisha kuwa jeusi hubadilishwa. Kazi hiyo ifanywe nje, mbali na sigiri yenye makaa, wala petroli isitumiwe kuoshea. Mvuke wa petroli hutambaa chini mpaka ukutane na moto.

Plagi nayo hufunguliwa injini ikiwa imepoa. Rangi yake hutoa habari: kahawia hafifu ni afya, masizi makavu meusi ni dalili ya petroli nyingi, mafuta mabichi yenye kunata ni dalili kwamba mafuta ya injini yanapanda, na hapo fundi anahitajika kweli. Plagi yenye masizi husuguliwa kwa brashi na kurudishwa, kwanza kwa vidole mpaka ishike nyuzi zake sawasawa, kisha spana ndiyo imalizie.

Mnyororo usilegee wala usikaze mno. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ukisukumwa juu na chini katikati yake huwa na mchezo wa sentimita 2 hadi 3, lakini kijitabu cha pikipiki yenyewe ndicho hakimu. Wakati wa kuukaza, nati ya ekseli hulegezwa kwanza, kisha virekebishi vya kushoto na kulia huzungushwa kwa kiasi kimoja, vikifuata alama zilizochorwa, ili gurudumu lisikae upande. Mwisho nati ya ekseli hukazwa barabara, na mnyororo hupimwa tena. Vidole visikaribie mnyororo injini ikiwa inanguruma.

YASIYOGUSWA

Kuokoa fedha si kujitia ufundi usiokuwa nao. Kazi hizi waachiwe wenye elimu yake: breki zilizolika, usukani, na umeme wa nyumba. Umeme wa majumbani ni volti 240, nao hausamehi. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, kuna kosa mahali. Mwenye kuiondoa na kuweka kipande cha waya amemfukuza mlinzi mlangoni akamkaribisha moto. Vivyo hivyo, kifuniko cha rejeta ya gari kisifunguliwe injini ikiwa moto. Maji yaliyomo yana mgandamizo, hupita joto la kuchemka, nayo hurukia uso na mikono. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

DAFTARI LA AKIBA

Kazi ikiisha, haijaisha. Katika kila nyumba liwepo daftari la kurasa chache lenye safu tatu: kazi iliyofanywa, bei ambayo fundi angetaka, na gharama ya vifaa vilivyonunuliwa. Tofauti yake ndiyo akiba. Akiba isiyoandikwa huliwa sokoni bila kuonekana. Ile iliyoandikwa mtu huona haya kuila. Wanajeshi wanacho chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo SACCO, na polisi wanacho Exodus SACCO. Fedha iliyookolewa kwa washa mmoja haitoshi kujenga nyumba, lakini fedha ya mwaka mzima iliyookolewa katika mabomba, mabati na pikipiki yaweza kuwa karo ya muhula.

Iko faida nyingine isiyoandikwa katika safu yoyote. Askari aliye mbali hulala na mawazo ya nyumbani. Akipokea simu usiku na kuambiwa kwamba mvua imenyesha sana, lakini ndani hakukuingia hata tone, kwa kuwa mama na kijana waliziba bati siku ya Jumamosi, kesho yake huamka kwenda zamu akiwa na moyo mmoja. Na kijana aliyeshika ngazi akamwona mama yake akipiga msumari mahali pake, hatangoja kuambiwa siku bomba litakapodondoka tena. Atakwenda mwenyewe kufunga koki kuu, azibe tundu la sinki kwa kitambaa, achukue spana mbili.