Gazeti na Mkulima

Wako watu wasemao kwamba mkulima wa zamani alikaa gizani kwa kuwa hakujua kusoma. Msomaji, usiyakubali maneno hayo. Gazeti moja likifika kijijini liliwatosha watu wengi: kijana aliyepitia shule alisoma kwa sauti, nao wazee wakasikiliza, wakamkatiza, wakamrudisha nyuma asome tena. Giza lilikuwapo, ndiyo, lakini lilitokana na yale ambayo gazeti halikuyasema.

Litazame Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika. Lilifundisha kilimo kwa Kiswahili safi, likachapa barua na mashairi ya wasomaji wake. Silidharau hata kidogo. Lakini lilikuwa gazeti la serikali, na gazeti la namna hiyo humweleza mkulima jinsi ya kulima; ni nadra limweleze ni nani anayefaidi jasho lake.

Hapa Kenya jambo hili lilikuwa zito zaidi. Hadi miaka ya 1930 Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa, zao walilolitegemea walowezi; kisha akaruhusiwa kidogo kidogo, kwanza katika sehemu kama Kisii, Meru na Embu. Mtu huyo angefaidiwa nini na makala nzuri juu ya mbolea ya kahawa? Alihitaji kuijua sheria, na aliyeitunga, na njia ya kuipinga. Ndiyo maana Muigwithania, gazeti la Kikuyu lililoanza mwaka 1928 Jomo Kenyatta akiwa mhariri wake, lilithaminiwa sana: lilizungumza habari za ardhi, na wasomaji wakaliandikia. Chama kilichokuwa na gazeti hilo, KCA, kilipigwa marufuku mwaka 1940.

Mwaka 1947 wakulima wa Murang'a walikataa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Wakubwa wakasema, ujinga huo! Ujinga gani kwa watu walioishi kwa udongo huo tangu babu zao? Walichokataa ni kazi ya lazima, iliyowaelemea hasa wanawake. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya mwaka 1952, na magazeti mengi ya Kikuyu yakafungwa.

Basi ukipewa leo jarida la kilimo, utafute kwanza ukurasa wa barua za wakulima, kisha bei za mazao. Ukivikosa vyote viwili, mwulize mwenye jarida amelichapa kwa ajili ya nani.