Minyoo Si Dawa ya Pumu



Kila shule zinapogawa dawa za minyoo, hatukosi mama wa kutuuliza kliniki: "Nesi, nasikia minyoo humkinga mtoto na pumu. Je, wangu asimeze?" Swali hili si la kuchekwa, maana lina ukweli nusu.

Pumu hutokea kinga ya mwili inapochachamaa kwa kitu kisicho na madhara, kama vumbi la nyumbani. Njia za hewa huvimba na kubana, kifua kikalia kama filimbi. Minyoo nayo huipoza kinga hiyo ili isifukuzwe. Ndiyo maana wataalamu waliuliza: tukiiua, je, aleji haitazidi?

Wenzetu wa Uganda walipima. Huko Entebbe, watoto wa akina mama waliopewa dawa ya minyoo wakiwa wajawazito walipata ukurutu zaidi. Lakini kuanzia mwaka 2012, katika vijiji 26 vya wavuvi kwenye visiwa vya Ziwa Victoria, baadhi vilipewa dawa mara 4 kwa mwaka na vingine kwa ratiba ya kawaida. Baada ya miaka 3, waliomeza dawa nyingi hawakuonekana kulia kifua kuliko wenzao.

Tena si kila mnyoo hupoza. Mabuu ya mchango hupita mapafuni, na huko huweza kuleta kikohozi na kubanwa kifua.

Sisi wauguzi tunaona hasara kila siku. Minyoo ya safura hunyonya damu: mtoto hupauka viganja na kusinzia darasani, mjamzito huishiwa damu. Kichocho cha malambo huleta mkojo wa damu. Kumwachia mtoto minyoo kwa kuogopa pumu ni sawa na kumwachia mwizi ghala la uwele ili akufukuzie panya.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba, watoto wameze dawa. Mjamzito asimeze kabla ya kuuliza kliniki, hasa miezi 3 ya kwanza. Chimbeni vyoo, watoto wavae viatu, wanawe mikono, wasiogelee malamboni. Na mtoto anayelia kifua aletwe hospitali mapema. Pumu ina dawa yake ya kuvuta. Asingoje minyoo imponye.